Bukavu mpaka Goma kwa boti: kilichofichwa na ukungu wa Ziwa Kivu

Mkaaji wa Luberizi anayeteka maji ya Ruzizi, au anayeyaona yakiingia ku mashamba ya mpunga ya uwanda, anashika maji ambayo mengi yao yametoka mbali kule juu. Yametoka Ziwa Kivu, yakapita chini ya daraja la Bukavu, yakazungusha mashini za umeme za Mururu, yakaanguka katikati ya milima mpaka Kamanyola, ndipo yakatulia. Uwanda wetu uko chini sana kuliko ziwa hilo: Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika iko kama mita 770. Ndiyo sababu mtu akipanda gari Luberizi na jasho mgongoni, akifika Bukavu jioni anatafuta koti.

Watu wengi wa uwanda wanafika Bukavu kwa biashara, kwa hospitali, kwa masomo, halafu wanarudi. Wachache ndio wanaoendelea kaskazini kwa maji. Safari hiyo ya Bukavu–Goma, karibu kilomita mia moja juu ya ziwa, ni ya lazima kwa mfanyabiashara na ni matembezi kwa mgeni. Wageni wametoka Ulaya wakalipa feza nyingi ili wakae mbele ya boti na kupiga picha milima inayotoka ndani ya ukungu. Mama anayepeleka mafuta ya ngazi anaiona milima ile ile, na yeye pia anaitazama. Lakini yule mama anajua pia jambo ambalo mgeni hajui: kile kinachopendeza macho huku ndicho kinachozamisha watu.

Tuanze na sura ya pwani yenyewe. Ukitazama Bukavu kutoka juu, mji umekaa kama mkono uliofungua vidole ndani ya maji: La Botte, Nguba, Muhumba na rasi zingine. Boti ikiondoka bandarini inapita kati ya vidole hivyo, na kwa muda mrefu msafiri hajui ziwa liko wapi. Kila upande iko kilima, ghuba, kisiwa, tena kilima. Mtu wa Tanganyika, aliyezoea kusimama Uvira na kuona maji wazi mpaka Bujumbura, anaweza kufikiri wamempeleka mtoni.

Kumbe ni mto kweli, au ulikuwa mto. Wataalamu wa mawe na udongo wanaeleza kwamba zamani maji ya bonde hili yalikuwa yanakwenda kaskazini, kuelekea upande wa ziwa Edouard na mto Nile. Halafu volkeno za Virunga zikasimama, lava yao ikaziba njia sawa vile mtu anavyoziba mfereji kwa udongo. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda. Yalifunika mabonde, yakaingia katika kila kijito kilichokuwa kinateremka mlimani. Migongo ya vilima ikabaki nje kama rasi, vichwa vya vilima vikabaki kama visiwa. Miaka kama elfu kumi iliyopita maji yakapata mahali pa chini zaidi upande wa kusini, pale Bukavu ilipo leo, yakaanza kumwagika kuelekea Tanganyika. Ndivyo Ruzizi tunayoijua ilivyozaliwa. Bila volkeno za Goma, uwanda wa Luberizi ungekuwa na mto mwingine, mdogo.

Basi msafiri anapopita Birava, Ishungu, Katana, na kisiwa cha Ibinja, anatembea juu ya mabonde yaliyozama. Upande huu wa kusini maji si marefu sana kwenda chini: ghuba ya Bukavu ina kina cha kama mita mia moja. Kaskazini, kati ya Idjwi na Goma, kina kinapita mita 470. Pwani haina mchanga mwingi wala mteremko wa polepole. Hatua mbili kutoka mguuni mwa mlima, na tayari mtu hafikii chini. Watoto wa uwanda waliojifunza kuogelea katika mito yetu wakumbuke hilo wakifika huko. Kitu kimoja tu wasikiogope: Kivu haina mamba wala kiboko, tofauti na Ruzizi yetu. Hata samaki ni wachache wa aina, hawafiki aina 30, wakati Tanganyika ina mamia. Sambaza wanaouzwa kwa kopo Bukavu na Goma si wenyeji wa pale. Ni ndugu wa ndakala. Waliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wakazaa wakajaza ziwa. Kwa hiyo mtu wa Uvira anayekula sambaza Bukavu anakula samaki wa kwao aliyehamia milimani.

Sasa huo ukungu. Boti za asubuhi zinaondoka wakati ambapo mara nyingi ziwa limefunikwa. Sababu yake si ngumu. Maji ya juu ya Kivu yana joto la nyuzi 23 au 24 karibu mwaka mzima, usiku kama mchana. Milima haiko hivyo. Upande wa magharibi iko Kahuzi, mita 3,308, pamoja na ndugu zake, na usiku hewa ya huko juu inapoa sana. Hewa baridi ni nzito, inateremka kwa mabonde kama maji. Ikifika ziwani inakuta mvuke unaopanda kutoka maji ya vuguvugu. Mvuke ukigusa baridi unageuka matone madogo madogo. Yale matone ndiyo ukungu. Ndani ya ghuba zilizofungwa na vilima upepo ni mdogo, kwa hiyo ukungu unakaa hapo kama pamba ndani ya bakuli, mpaka jua lipate nguvu, saa tatu, wakati mwingine saa nne. Halafu unaondoka haraka, na kilima ambacho hakikuwepo kinasimama mbele yako chote.

Wenye kupenda picha wanaingoja dakika ile. Nahodha haingoji kwa furaha. Ukungu hauleti wimbi. Karibu kila mara ziwa la ukungu ni ziwa lililotulia. Hatari yake ni kuficha. Wavuvi wa sambaza wanafanya kazi usiku, hasa usiku usio na mwezi, kwa taa. Mitumbwi yao inafungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu inayotoka mbele na nyuma kama pembe, na wavu unaning'inia katikati. Alfajiri wanarudi wakipiga kasia na kuimba. Nyimbo zile ni nzuri kuzisikia, wageni wanazipenda, lakini kwa kanoti ya mbio inayokuja ndani ya weupe, wimbo ndio unaosema kwamba mbele iko watu. Mashini ikipiga kelele nyingi, wimbo hausikiki. Nahodha mwenye akili anapunguza mwendo, anamuweka mtu mbele atazame na kusikiliza, na abiria wanaonung'unika kwamba wanachelewa hawajui wanachonung'unikia.

Kuna pia weupe mwingine, ambao watu wanauita ukungu lakini sio. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vinajaza anga. Huo hauondoki saa tatu. Unaweza kukaa Goma wiki nzima bila kuona Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ulio karibu kabisa na mji. Anayetaka kuona mbali asafiri miezi ya mvua, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Hewa inakuwa imeoshwa.

Baada ya Katana, boti zinashika njia kati ya pwani ya Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Idjwi ni teritware nzima ndani ya maji. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika kinahesabiwa cha pili kwa ukubwa, baada ya Ukerewe ya Ziwa Victoria. Kwa saa nyingi za safari kiko mkono wa kuume na hakimaliziki: migomba, kahawa, mananasi, nyumba za bati zinazong'aa jua likipiga. Kisiwa hiki kimepona vita vingi vilivyopita bara, ingawa hakikupona umaskini. Na kahawa yake ina habari ya huzuni. Kwa miaka mingi wakulima wa Idjwi na wa pwani ya Kalehe walipeleka magunia usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, kwa sababu huku hakukuwa na mnunuzi mwenye bei. Mitumbwi ilijazwa kupita kiasi, ikavuka gizani kwa kujificha, na wanaume wengi hawakurudi. Wajane wao wako. Moja ya vyama vya ushirika vya kahawa vilivyoanzishwa baadaye, Sopacdi ya Minova, mwaka 2003, kilizaliwa katika shida hiyo hiyo: kuwapa watu njia ya kuuza bila kupita kwa kaburi la maji.

Mkono wa kushoto ni Kalehe. Hapo pwani inakuwa kali. Mlima unaanguka moja kwa moja ziwani, na vijiji vimebanwa juu ya kipande kidogo cha ardhi tambarare pale kijito kinapoingia majini. Msafiri asiyejua ataona uzuri tu: kijani, maporomoko, mistari ya udongo mwekundu. Ile mistari inaeleza mambo. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishusha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko ya Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengine wengi hawakuonekana tena. Kile kipande cha ardhi tambarare ambapo watu walijenga, kijito chenyewe ndicho kilichokileta, kwa mafuriko ya zamani. Wakaazi wa Sange, Luberizi na Luvungi, ambao nao wanaishi chini ya milima na karibu na mito inayoshuka kwa hasira, hawahitaji kuelezwa mengi hapa.

Kichwa cha kaskazini cha Idjwi kikiisha, safari inabadilika. Ziwa linafunguka. Mpaka hapo vilima na kisiwa vilikuwa vinavunja upepo, sasa hakuna. Watu wanafikiri wimbi linatokana na upepo mkali tu. Wimbi linahitaji pia nafasi ya kukimbia. Upepo ule ule ambao ndani ya ghuba ya Bukavu unatikisa maji kidogo, ukipata kilomita ishirini au thelathini za maji wazi unayasukuma na kuyapandisha mpaka yanafika mbele na nguvu nyingine kabisa. Upande wa kaskazini nafasi hiyo iko. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki unavuma hapo siku mfululizo. Miezi ya mvua jambo ni lingine: asubuhi kimya, halafu kuanzia saa nane wingu jeusi linatoka milimani na dhoruba inapiga kwa nusu saa, kutoka upande ambao hakuna aliyetazama. Ndiyo maana waliozoea wanapenda kuvuka asubuhi, hata kama ukungu unawachelewesha. Kati ya ukungu na dhoruba ya mchana, ukungu una huruma zaidi.

Aliye ndani ya meli kubwa ya chuma, inayochukua saa tano, sita au zaidi, atasikia kuyumba tu. Aliye ndani ya kanoti ya mbio atapigwa mgongo kwa saa mbili na nusu au tatu. Lakini waliokufa wengi hawakuwa ndani ya hizo. Walikuwa ndani ya boti za mbao, zile zinazofanya soko kwa soko.

Mwezi wa Aprili 2019 boti moja ilizama upande wa Kalehe, na karibu watu 150 walihesabiwa kuwa hawaonekani. Rais Félix Tshisekedi alifika mwenyewe, na amri ikatoka kwamba kila abiria avae jile ya kuokoa. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, Goma, mita mia chache kutoka nchi kavu, watu wa sokoni wakitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema siku ile kwamba ilikuwa na watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Hesabu zilizotolewa baadaye hazikulingana. Video za simu zilionyesha boti ikilala ubavu polepole, halafu kwa ghafla.

Kwa nini mbele ya bandari, ziwa likiwa limetulia? Wengi waliuliza hivyo, na jibu linafaa kueleweka na kila mtu anayepanda boti, hata ile ya kuvuka Tanganyika. Boti inasimama wima kwa sababu uzito wake mkubwa uko chini. Ukijaza mizigo mpaka juu, halafu watu juu ya mizigo, uzito unapanda. Boti inaonekana sawa kwa muda wote inapokwenda mbele. Kufika bandarini inapunguza mwendo, inageuka, mawimbi ya boti zingine yanaipiga ubavuni, na abiria wote wanasimama pamoja, wakienda upande ule ule ili washuke mbele ya wengine. Uzito wa juu unahama mara moja. Basi. Hakuna nahodha anayeweza kuirudisha hapo. Saa ile inayoonekana ya usalama kuliko zote, bandari ikiwa machoni, ndiyo ya kubaki umekaa.

Na kwa nini watu 278? Kwa sababu barabara ya Minova–Sake–Goma ilikuwa imefungwa na vita tangu mwanzo wa mwaka ule, na mboga, maharagwe, muhogo na watu vyote vikamwagika ziwani. Kupiga kelele juu ya tamaa ya wenye boti ni sawa, na wakuu wa bandari wanaohesabu kwa kufumba macho nao wasemwe. Lakini barabara ikifungwa, ziwa linabeba kile ambacho lori lilikuwa linabeba. Mwaka 2025 ilionekana tena, kwa namna nyingine: Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari na Bukavu katikati ya Februari, usafiri wa boti ulisimama kwanza, na miji miwili ikakaa bila kuonana. Kwa hiyo mtu wa uwanda anayetaka kufanya safari hii, hata ya matembezi, aulize kwanza hali ya siku ile kwa wale waliovuka juzi, wala si kwa aliyevuka mwaka jana.

Kuhusu gesi, kwa kuwa wengi wanaiogopa: ni kweli chini ya Kivu iko gesi nyingi sana, kaboniki kama kilomita 300 za ujazo na metani kama 60, na Rwanda inatoa umeme katika metani hiyo upande wa Karongi. Watu wanakumbuka ziwa Nyos la Kamerun, ambako mwaka 1986 kaboniki ilitoka usiku ikaua watu karibu 1,700. Lakini gesi ya Kivu imefungiwa chini na uzito wa maji, nyingi yake chini ya mita 260, na boti inayopita juu haiwezi kuiamsha. Mahali pa kuheshimu zaidi ni ghuba ya Kabuno, kule kona ya kaskazini-magharibi karibu na Sake, ambapo kaboniki iko karibu na uso kuliko sehemu zingine. Nchi kavu pia, kati ya Sake na Goma, iko mashimo ambamo kaboniki inajikusanya chini chini. Wenyeji wanayaita mazuku. Mbuzi anaingia, anaanguka. Mtoto akimfuata naye anaanguka. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, ndipo mazuku yana nguvu, saa zile zile za ukungu.

Karibu na hapo, mbele ya pwani ya Goma, kuna kisiwa kidogo cha Tchegera. Kina umbo la mwezi mchanga, kwa sababu ni mdomo wa volkeno iliyozama, nusu yake tu iko nje. Mbuga ya Virunga iliweka hapo mahema ya wageni, na wakati wa amani watu walikuwa wanapelekwa kwa boti kulala, kupiga kasia ndani ya ghuba yake, na usiku kutazama wekundu wa Nyiragongo juu ya mawingu.

Mlima huo ndio wa mwisho kuonekana, kama anga inakubali. Boti ikikaribia, rangi ya pwani inabadilika: kijani kinaisha, mawe meusi yanaanza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na kipande cha pwani unachokiona pale ni kipya, kina umri mdogo kuliko vijana wengi walio ndani ya boti. Mlima uliwaka tena tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini siku tano baadaye, kwa hofu kwamba moto unatembea chini ya ardhi mpaka chini ya ziwa, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka. Maelfu walikimbilia Sake kwa miguu. Wengine walishuka bandarini, na boti zikateremka kusini zimejaa, Minova, Idjwi, Bukavu, kwa njia ile ile ya kati ya kisiwa na Kalehe.

Bandarini Goma mashini inazimwa mapema, na kelele ya wabebaji inafika kabla ya kamba. Abiria wanavua jile, nyingi zimepauka kwa jua, zingine hazina tena kamba ya kiunoni, wanazitupa rundo moja kwenye sakafu ya boti. Saa chache baadaye watu wengine watazivaa kurudi Bukavu. Anayepanda achague yenye kamba zote, aifunge bado boti haijaachwa kamba yake, na aulize kama jina lake limeandikwa kwenye orodha ya abiria. Wengi waliopotea Aprili 2019 na Oktoba 2024 hawakuhesabiwa vizuri kwa sababu hakuna aliyeandika walikuwa nani.